KABLA HUJAWEKA DOLE GUMBA KWENYE MKATABA WA KABONI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

  

Wiki hii nimetumiwa sauti moja mara kumi na tatu. Nimehesabu. Ni ya ustadhi mmoja anayesema biashara ya kaboni ni kuuza hewa, hewa ni ya Allah, basi ni haramu, kwisha maneno. Na siku chache kabla ya hapo, katika kijiji kimoja cha huku kwetu, ustadhi mwingine aliitwa kufungua kikao cha kaboni kwa dua. Akaomba baraka, akala pilau, akaondoka. Wazee wakaambiwa wasiwe na wasiwasi, hata sheikh amebariki.

Wa kwanza amefunga mlango ambao Allah hakuufunga. Wa pili ameufungua bila kutazama nani anaingia. Nina ugomvi na wote wawili, na mkinivumilia mpaka mwisho mtaona ugomvi mkubwa zaidi ninao na sisi wenyewe.

Nianze na mzee aliyenifanya niandike. Alinisubiri barazani baada ya Isha. Ana ngitili ya kama ekari thelathini, aliirithi kwa baba yake. Mwanawe wa kwanza anataka iingizwe kwenye mradi. Akaniuliza swali moja tu: "Sheikh, ni halali au haramu?" Nikamwambia, mzee wangu, niletee karatasi nisome. Akasema karatasi anayo mwenyekiti. Kesho yake tukaenda kwa mwenyekiti, akasema iko kwa mtendaji. Mtendaji akasema iko wilayani, na tena imeandikwa kwa Kiingereza, sisi tutaielewaje?

Ndugu yangu, aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani haizungumzii swala, wala funga, wala hijja. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inazungumzia kuandikiana. Allah ametuamrisha tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na anayesema cha kuandikwa awe ni yule ambaye haki iko juu yake. Akiwa dhaifu au hawezi kusema mwenyewe, basi walii wake aseme kwa uadilifu. Tusichoke kuandika, kidogo au kikubwa. Hayo ni kwa deni ambalo pengine ni la gunia la mpunga na litalipwa baada ya mavuno. Leo unataka kufunga ardhi ya watoto wako kwa miaka 30, hata 40, kwa karatasi ambayo hujaishika mkononi?

Huyo mzee sikumjibu halali wala haramu. Nilimjibu: bado hakuna cha kukijibia.

Sasa tuje kwenye asili ya jambo, kwa sababu wengi mnabishana bila kujua kilichotokea hapa kwetu.

Wewe kijana uliyezaliwa baada ya 2000 unapita barabarani unaona migunga na mikwaju imesimama, unadhani ilikuwepo siku zote. Haikuwepo. Serikali ya Mwingereza iliweka makao ya utafiti wa mbung'o hapa hapa Shinyanga, chini ya mtu aliyeitwa Swynnerton, na dawa waliyoiona ni kufyeka pori ili mbung'o wakose kivuli. Watu wakatolewa kwenda kukata. Ikafuata pamba, na kila aliyelima alisafisha shamba mpaka kisiki. Mifugo ikaongezeka. Kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya asili na kuziacha ngitili zao nyuma, na kitu kisicho na mwenyewe mnajua mwisho wake. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama akipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa sababu kuni zilikuwa mwendo wa kutwa nzima. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania, na hakukosea.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaendelea mpaka 2004. Wakati unaanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu kwa mkoa mzima, na mkoa wa wakati ule ulikuwa mkubwa, Bukombe, Maswa na Bariadi zilikuwa ndani yake. Baadaye makadirio yakafika zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800.

Sikiliza vizuri hapa. Kilichoiokoa Shinyanga kwa sehemu kubwa hakikuwa miche ya kwenye viriba. Miche mingi ya mwanzo ilikufa. Kilichoiokoa ni kurudi kwenye desturi ya wazee wetu wa Kisukuma: unalifunga eneo mvua zinapoanza, nyasi zinakua, visiki vinachipua kwa sababu mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi, unachagua machipukizi yenye nguvu na kuyaacha, na kiangazi kikikaza unalifungua kwa ndama, kwa ng'ombe wa kulimia na kwa mnyama mgonjwa. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alishtakiwa mbele ya dagashida, sungusungu wakamtoza faini. Huko Niger, upande wa Maradi, wakulima wa Kihausa, Waislamu wenzetu, walifanya jambo hilo hilo kuanzia miaka ya 1980 baada ya mmisionari mmoja wa Kiaustralia, Tony Rinaudo, kugundua kwamba alichokiita jangwa kilikuwa ni msitu uliolala ardhini. Zaidi ya hekta milioni 5 zimerudi. Mkristo kaona, Waislamu wakafanya. Hekima haiulizwi kabila.

Basi hiyo miti ndiyo inayotafutwa leo. Viwanda vya mbali vinatoa moshi, mti unavuta hewa ile ya kaboni na kuihifadhi kwenye shina na mizizi. Wapimaji wanakuja, wanapima unene wa mashina kwenye usawa wa kifua, wanapiga hesabu, na kila tani moja inayohesabika inakuwa hati moja inayouzwa. Anayenunua ni kampuni iliyoko Ulaya au Marekani, inataka kusema moshi wake umefidiwa.

Je, ni kuuza hewa? Ndugu yangu mwenye sauti ile, ungesoma babu ya ju'ala kabla hujafungua kinasa sauti. Katika Surat Yusuf watumishi wa mfalme walitangaza kwamba atakayeleta kopo la mfalme lililopotea atapewa shehena ya ngamia mmoja. Mafakihi wakachukua hapo kwamba inafaa kumwahidi mtu ujira kwa kazi ambayo matokeo yake yataonekana mbele. Anayeilinda ngitili anafanya kazi: anazuia moto, anazuia shoka, anajinyima malisho. Kumlipa kwa kazi hiyo, mimi sioni uharamu wake. Mimi si mufti, na atakayeniletea hoja yenye nguvu zaidi nitaifuata. Ila "hewa ni ya Allah" siyo hoja. Maji pia ni ya Allah, na mchota maji hulipwa.

Haramu haiko kwenye mti, iko kwenye mapatano. Na hapa namgeukia ustadhi wa pilau.

Mtume (S.A.W) amekataza biashara yenye gharar, yaani ambayo upande mmoja haujui unachopata. Sasa nikupe mfano wa kubuni, usiseme ni wa kampuni fulani. Mnaambiwa kijiji kitapata asilimia 60. Mnapiga makofi. Zinauzwa hati 10,000 kwa dola 10 kila moja, ni dola 100,000. Kumbe asilimia 60 ni ya faida, siyo ya mauzo. Gharama za wapimaji, wakaguzi, ofisi, magari na safari zinakatwa kwanza, dola 70,000. Imebaki 30,000. Sitini kwa mia yake ni 18,000. Kijiji kina kaya 600. Kila kaya ni dola 30 kwa mwaka mzima. Aliyesema sitini hakudanganya, na wewe uliyesikia hukuelewa, na katikati ya hayo mawili ndipo gharar inapokaa. Ukipewa fungu la kitu ambacho mwenzako peke yake anajua kitapunguzwa kiasi gani, hujui unauza kwa bei gani.

Tena weka hilo kando ya hili. Utafiti uliofanywa juu ya ngitili zetu na kuchapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kuni, nyasi za kuezekea, malisho, asali, uyoga, mboga za pori na dawa zinampa mtu mmoja thamani ya kama dola 14 kwa mwezi, kwa bei za wakati ule. Kwa mtu mmoja, kwa mwezi. Familia ya watu sita hapo ni zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, hazipiti benki wala hazikatwi chochote. Kwa hiyo swali la kwanza siyo "watatulipa ngapi?" Swali ni "baada ya kusaini, mke wangu ataruhusiwa kuokota kuni? Ndama wangu wataingia mwezi wa nane?" Kama jibu ni hapana, hiyo haiitwi ngitili tena, hata bango liandikweje. Ngitili hufungwa ili ifunguliwe.

Na kuna dhulma nyingine isiyosemwa. Soko hili hulipa kwa nyongeza, yaani miti ambayo isingekuwepo bila mradi, au msitu ambao ungekatwa. Maana yake, mzee aliyeilinda ngitili yake toka 1986, akalala na njaa asiuze gogo, anaweza kuambiwa yake haihesabiki, ilikuwepo tayari. Jirani yake aliyechoma mkaa mpaka akamaliza, yeye eneo lake ni zuri sana, tupu kabisa, linafaa kwa mradi. Wataalamu wana sababu zao za kihesabu na ninazielewa. Lakini kijiji kikikubali mradi, basi kwenye kugawana chenu ninyi wenyewe mwekeni mzee yule mbele. Hilo halihitaji ruhusa ya Ulaya.

Najua mtaniambia: sheikh, mbona Katavi wamefaidika? Ni kweli. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika vimelipwa mabilioni ya shilingi kwa kulinda misitu yao, vimejenga madarasa na zahanati, na simkatazi mtu kufuata mfano mzuri. Lakini uangalie na upande wa pili. Kaskazini mwa Kenya, kwenye malisho ya ndugu zetu Waborana na wengineo, ulianzishwa mradi mkubwa wa kaboni, na kampuni kama Netflix na Meta zikanunua hati zake. Wananchi wa Isiolo wakaenda mahakamani, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wafugaji wenye vikoi na tasbihi kama wewe ndio waliosimama kizimbani kudai. Walichokosa mwanzoni ni kile kile anachokosa mzee wangu: kuisoma karatasi.

Na tusidanganyane kwa sura. Mwaka 2023 kampuni ya Dubai iitwayo Blue Carbon, mwenyekiti wake akiwa ni mtu wa ukoo wa watawala wa kule, ilitia saini hati ya makubaliano ya awali na upande wa Tanzania iliyotajwa kuhusu hekta milioni 8 za misitu. Hati ya awali siyo mkataba, nalisema hilo kwa uadilifu. Lakini nilisikia baadhi yetu misikitini wakifurahi, eti afadhali hawa ni wenzetu. Afadhali ya nini? Suratul Mutaffifin haikusema ole wao wapunjao isipokuwa wakiwa wanaswali. Mwenye mizani ni mwenye mizani. Anayepima miti yako akiwa Mwarabu, Mzungu au Msukuma mwenzako, mtake akuonyeshe alichopima.

Nimesema Msukuma mwenzako makusudi, kwa sababu hapa ndipo ugomvi wangu na sisi unapoanza.

Katika vijiji 172 vilivyochunguzwa miaka ile zilihesabiwa ngitili 18,607, na kati ya hizo za jumuiya zilikuwa 284 tu. Nyingine zote ni za kaya, na wenye ngitili kubwa ni wenye mali. Yule mwenye ng'ombe mia tatu akifungiwa ngitili ya kijiji, anayo yake. Mjane mwenye mbuzi wanne hana. Sasa nani anakaa mbele kwenye mkutano na kunyoosha mkono wa kwanza kukubali kaboni?

Sayyidna Umar (R.A) alitenga hima, malisho ya hifadhi, akamweka mtumishi wake aliyeitwa Hunayy ailinde. Imepokewa na Bukhari. Akamwamuru awalainishie watu bawa lake na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye mbuzi wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Maswahaba wakubwa hao, wamebashiriwa pepo! Kwa nini? Kwa sababu wao mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, lakini yule maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kumlilia kiongozi, na kumpa maji na majani ni rahisi zaidi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Kisha Umar akakiri kwamba wale watu watamwona amewadhulumu, maana ni ardhi yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu nayo, na lau si wanyama wa njia ya Allah asingeifunga hata shibiri moja.

Soma tena habari hiyo ukiwa na mkataba wa kaboni mkononi. Hifadhi ipo, imekubaliwa kisheria. Lakini mlango wake unafunguka kwa mwenye mbuzi wanne na unafungwa kwa mwenye mia tatu. Sisi tumeugeuza. Kijiji kikiniuliza sharti la kwanza la uhalali wa mradi huu, nitawajibu hilo kabla hata ya bei.

La mwisho, na hili litawauma watu wa Geita. Na mimi limeniuma kwanza.

Kabla sijasimama mihrabuni nilikata matimba. Misimu miwili, miaka ya mwanzo ya 1990. Kwa asiyejua, matimba ni magogo yanayoshikilia kuta za duara la dhahabu zisiporomoke juu ya wachimbaji. Duara moja refu linameza miti ambayo ukiihesabu unashtuka, na kila inapooza inawekwa mingine. Tulikata mitundu na mininga, tulikata usiku, hatukuuliza ni ya nani. Juu ya hapo kuna kuni za elusheni na mkaa wa maelfu ya watu waliomiminika machimboni. Nimetubu, lakini visiki vile naviona mpaka leo, na vingine havikuchipua.

Leo mwenye duara anatuletea mifuko mia ya saruji kwa ajili ya msikiti. Tunamtangaza kwenye kipaza sauti, mashaallah, Allah amzidishie. Hakuna anayemuuliza matimba yake yametoka msitu gani, kwa kibali gani, na zebaki yake imemwagika mto gani. Kisha tunageuka kumkemea Mzungu wa kaboni kwamba anatuibia miti! Mti unaibwa na anayeukata kwanza. Mimi sisemi saruji ile irudishwe. Nasema kamati ya msikiti imuulize, kwa heshima, akiwa amekaa mkekani, na mimi nitakuwepo.

Na dhahabu ina swali lake ndani ya mkataba wa kaboni, swali ambalo sijasikia mtu akiliuliza kwenye kikao. Kwa sheria ya nchi yetu madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, siyo ya mwenye shamba. Huku kwetu mfumuko unaweza kutokea popote: mtu kaokota jiwe, wiki mbili baadaye kuna watu elfu tatu na mahema. Kijiji kimeahidi miaka 40 ya miti, mwaka wa sita leseni ya uchimbaji inatolewa juu ya ngitili hiyo hiyo. Nani atawajibika kwa miti iliyokatwa? Imeandikwa wapi? Na moto wa mwezi wa tisa ukipita je, deni ni la nani? Miradi mingi huweka akiba ya hati kwa ajili ya hasara kama hizo. Uliza akiba hiyo inatoka kwenye fungu lenu au la kampuni.

Mengine ni ya kawaida ila myatimize. Mtake karatasi kwa Kiswahili, isomwe yote kwenye mkutano mkuu wa kijiji, siyo kwenye halmashauri pekee, na wanawake wawepo na wasikike. Mwenye ngitili ya kaya atafute hati ya hakimiliki ya kimila kwanza, ili jina lake liwepo kabla ya jina la kampuni. Serikali imetoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo kituo cha taifa cha kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mradi wa kweli hauogopi ukiuliza kama unatambulika huko.

Mzee wangu alinipigia jana usiku. Amefuata wilayani, amepewa nakala, kurasa arobaini na moja, Kiingereza kitupu. Mwalimu mmoja wa sekondari, si Mwislamu, amekubali kututafsiria bila malipo, Allah amlipe. Tutaanza kuisoma Ijumaa baada ya swala, pale barazani, ukurasa kwa ukurasa, na yule mwanawe mkubwa amesema atakuja. Kama kijiji chako nacho kina karatasi kama hiyo, njoo nayo. Asiye na karatasi aje na orodha ya wenye mbuzi chini ya kumi.

Wallahu a'lam.